Kipande Kilichoandikwa Yu

Aliyeniambia habari hii kwanza ni Kahaso, jirani yangu hapa Msambweni, siku tuliyomaliza arobaini ya mwanangu Yusra. Watu walikuwa wamekwisha kuondoka. Yeye akabaki uani akisugua sufuria zilizokuwa safi tayari. Nilipomwambia aache, akaketi kizingitini, akanieleza yote yaliyompata wifi yake Twaiba, bila kuniangalia usoni hata mara moja. Nayaandika kama alivyoyasema.

Twaiba ameolewa na kaka yake Kahaso. Mumewe yuko Qatar kwa kazi ya ulinzi, naye anakaa Ukunda na mwanawe Amin, mtoto wa miaka minne. Alikuwa akifanya kazi kwa Bwana Kimeu, mtu wa bara mwenye mashine ya kuchana karatasi. Mahoteli, mawakili na zahanati humpelekea makaratasi ya siri ambayo hawataki yaonekane jaani. Twaiba ndiye aliyelisha mashine. Sharti la kwanza la kazi ile ni kutosoma: karatasi huingizwa kifudifudi, huku umetazama pembeni, na kazi ikiisha mwenyewe hupewa cheti chenye mhuri kwamba siri yake haipo tena.

Mwezi wa Rajabu yakaletwa masanduku matatu ya mbao. Twaiba alipofungua la kwanza, alirudi nyuma.

"Bosi, hizi karatasi zanukia ubani."

"Basi leo umepata marashi ya bure," akasema Kimeu.

"Ni za nani?"

"Mwalimu mmoja wa huko Msambweni. Babake amefariki, hataki watu wasome mambo ya mzee. Twaiba, wewe unalipwa kulisha, si kuuliza."

"Nauliza tu."

"Nyinyi watu wa Pwani, hata risiti ya sukari mtasema ina jini. Lisha!"

Akalisha tangu asubuhi hadi adhuhuri, kifudifudi, kama ilivyo sharti. Mashine ilikata mistari kwa kwenda chini, kwa hiyo kila kipande chembamba kilitoka na herufi chache tu za kila mstari. Vipande vyote vikatiwa kwenye gunia.

Siku ya pili yake ilikuwa Ijumaa. Amin alilala mchana, na alipoamka mkono wake mmoja ulikuwa umefumba ngumi. Twaiba akaufungua kidole kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi. Akadhani kiligandamana na buibui lake kazini, akakiweka juu ya kabati. Kisha akaona alama kwenye mkono wa mtoto, nne, nyeupe kama unga, zimepangana. Akazipangusa kwa upindo wa leso. Hazikutoka. Alipozigusa zilikuwa baridi.

Jumamosi akasikia sauti chumbani. Ilikuwa kama mtu anayechana karatasi polepole sana, ili asisikike. Akiingia, inanyamaza. Akitoka, inaendelea pale ilipoachia. Na chumba kizima kilinuka marashi ya mawaridi, ambayo yeye hana.

"Mama," akasema Amin, "yule bibi amenishika tena."

"Bibi gani, mwanangu?"

"Wa mikono baridi. Asema zamani alikuwa akiniangalia tu. Sasa ameruhusiwa."

"Nani amemruhusu?"

Mtoto akanyoosha kidole juu ya kabati.

Twaiba alikichukua kile kipande akakisogeza dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile akasoma, juu palikuwa na herufi *min* na chini yake *mguse*, kwa wino wa kijani na mwandiko mkubwa wa mviringo ambao aliujua, kwa kuwa aliuona ukiandikwa mbele yake miaka mitatu nyuma, siku alipompeleka Amin Msambweni kwa Maalim Issa akiwa hanyonyi wala halii, na Maalim akamwambia kwamba ni jini wa kike aliyefiwa na wanawe, hana ubaya ila anapenda watoto wa watu kupita kiasi, akafanya naye ahadi, akaiandika, jina la mtoto juu na chini yake neno moja, *asimguse*, na sasa neno lile lilikuwa mkononi mwake bila kichwa chake, *mguse*, na mkono uliolichana ni wake yeye mwenyewe, na nyuma yake, pale kitandani, karatasi ikaanza tena kuchanika polepole.

Akampigia simu Kahaso. Kesho yake asubuhi walikuwa kwa Jaafar, mtoto wa marehemu Maalim Issa. Amin alikuwa mgongoni kwa mamake, amelegea, midomo imepauka.

Jaafar ni mwalimu wa shule. Aliposikia akashika kichwa.

"Baba aliusia zizikwe nzima nzima. Lakini dada zangu, mule mna siri za watu. Mna wake za watu waliokwenda bila waume zao kujua. Nikaogopa mtu asije akafukua akasoma. Nikaona niwape wenye kazi yao."

"Nimwambie nini mwanangu?" akauliza Twaiba. "Kwamba umepewa cheti?"

Jaafar alisema lile alilowahi kumsikia babake akilisema: vipande vikilala pamoja, ahadi bado inashika. Kilichotoka peke yake ndicho kinachosema peke yake.

"Kirudisheni, kilale na mwenzake. Na tafadhalini, msitoe kingine."

Kimeu alipoulizwa habari za gunia alicheka, kisha akamwona mtoto, akaacha kucheka. Vipande huuziwa mama mmoja wa Matuga anayefuga kuku, akasema, huvitandika chini ya vifaranga. Akatoa gari lake mwenyewe akawapeleka.

Yule mama anaitwa Mukonyo. Ni Mkristo, na hayo ya majini hakuyauliza. Aliangalia tu uso wa Amin, akamlaza kando ya jiko la kupashia vifaranga joto, akamfunika kwa koti lake.

"Mnatafuta karatasi gani?"

"Yenye A juu, na chini *asi*," akasema Kahaso.

"Wooi. Nusu yake nilichoma jana. Vifaranga walianza kuharisha nikabadilisha matandiko. Hiyo nusu ingine iko hapo. Tuiname basi."

Wakainama wanawake wote watatu kwenye kinyesi na maganda, wakiinua kipande baada ya kipande huku vifaranga wakiwapanda miguuni. Siri za watu zilikuwa mle nusu nusu, jina la mwanamke bila la mumewe, ugonjwa bila mwenyewe. Ikafika alasiri. A haikuonekana.

"Mama," akasema Mukonyo, aliyekuwa amerudi kando ya jiko, "huyu mtoto amekuwa baridi, na jiko ninachochea."

Alama zilikuwa zimepanda hadi shingoni. Marashi ya mawaridi yakashinda harufu ya kuku. Twaiba akarudi kwenye matandiko kwa magoti, akichakura kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipoinua kipande kimoja, akakifuta kwa kidole, akakiangalia kwa muda mrefu.

Juu kilisema *Yu*. Chini kilisema *asi*.

"Nimepata," akasema.

Kahaso akasoma begani mwake. "Wifi, hiki si chetu. Hiki ni cha mwana wa mtu. Ni Yusufu, ni Yunusi, hatumjui."

"Hili si jina."

"Ni jina, Twaiba. Kila karatasi ina jina juu."

"Hili ni yu. Yu hai. Yu mzima. Nimemuuliza Mungu, naye amenijibu."

"Jaafar amesema tusitoe kingine."

"Yu hai, Kahaso! Soma mwenyewe! Ama wataka niseme hayuko?"

Kahaso aliniambia kwamba hapo hakubisha tena, kwa kuwa aliyelala pale kando ya jiko ni mwana wa kaka yake, na yule mwingine hakuwa na uso. Twaiba akachomoa uzi kwenye upindo wa leso yake, akavifunga vipande viwili, *asi* mbele na *mguse* nyuma, akamfunga mtoto shingoni. Harufu ikaondoka kama mtu aliyeitwa mahali pengine. Amin akafumbua macho, akamwomba Mukonyo maji, kisha akaomba yai.

Hayo yalikuwa Jumapili.

Jumanne Yusra wangu aliamka mchana akiwa na alama nne nyeupe mguuni. Alikuwa na miezi tisa. Hospitali walimpima damu, wakampima kifua, wakaniambia hawaoni kitu. Chumba chetu kilinuka mawaridi siku mbili, nami nikadhani ni marashi ya wageni. Alhamisi, adhuhuri, alifariki mikononi mwangu akiwa baridi kuliko maji ya kisimani.

Nilikuwa nimempeleka kwa Maalim Issa akiwa mchanga, Maalim akiwa bado hai. Nilikwenda kwa siri, maana mume wangu hapendi mambo hayo. Sikumwambia mtu ila mama yangu. Hata Kahaso sikumwambia, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja na chumvi yake na yangu ni moja. Yeye alijua siku ile ya arobaini, mama alipolitaja jina la Maalim huku akilia.

"Ungaliniambia," akasema Kahaso pale kizingitini, "ningalijua Yu ni nani. Ningalimpokonya."

Kama angalimpokonya, angalizikwa mwingine.

Usiku sikulala. Asubuhi yake nilivaa, nikampa Kahaso ufunguo wa nyumba, nikaenda Ukunda. Twaiba alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Hatukuwahi kuonana, lakini Kahaso alikwisha kumpigia simu usiku, na aliniangalia kidogo tu akajua. Akamvuta Amin nyuma yake. Mtoto akachungulia. Amenona, na shingoni ana kifuko cha kitambaa cheusi.

"Shikamoo, shangazi," akasema Amin.

"Marahaba, baba."

"Niue mimi," akasema Twaiba kwa sauti ya chini. "Mama Yusra, nakuomba. Kile usikichukue. Niue mimi."

Kifuko kilikuwa kimefumuka pembeni kwa michezo ya mtoto, na ncha ya karatasi ilikuwa imetokeza nje. Niliiona, na herufi yake ya kijani. Hewani palikuwa na mawaridi, kidogo sana, upande wa dirishani. Nikaketi chini, nikanyoosha mikono. Twaiba akaitazama mikono yangu. Kisha akamwachilia.

Nikampakata Amin. Alikuwa mzito, na shingo yake ilikuwa na joto na jasho.

"Niletee sindano na uzi mweusi," nikamwambia mamake.

Nikairudisha ile karatasi ndani kwa ncha ya kidole. Nikakishona kifuko pale pale shingoni, mshono wa kwanza, nikarudia wa pili juu yake, nikavuta ukakaza, nikakata uzi kwa meno.