Kila Noeli Mume Wangu Aliwaendesha Wajapani

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, mama wa mtoto mmoja wa kike, na ninaandika haya jikoni kwangu, Saint-Josse, hapa Brussels. Mume wangu yuko sebuleni anatazama mpira. Akiniuliza naandika nini, nitasema namwandikia mama. Lakini hataniuliza... siku hizi haniulizi kitu.

Mimi ni mtoto wa Bukavu. Justin alinioa huko huko, akatangulia Ulaya, kisha akaniita nimfuate kwa karatasi za familia. Nilifika mwezi wa kumi na moja, na koti la kuazima, simjui mtu yeyote isipokuwa yeye.

Justin ni dereva wa kampuni moja ya Wajapani. Noeli ilipokaribia nilijiandaa kama kwetu. Nilitafuta sombe, kisamvu chetu, kule Matonge, mtaa wa Wakongo, nikanunua kuku, nikashona kitambaa kipya cha meza. Nilitaka tuanze maisha yetu vizuri, mimi na bwana wangu, baada ya kukaa mbalimbali muda mrefu.

Jioni ya mkesha akavaa suti. Nilidhani tunakwenda kanisani.

"Ba Japonais, Noël yabo ni kubwa kupita yetu," akaniambia huku akijipulizia manukato. "Nitabapeleka kanisani, nitabapeleka ku fête, mpaka kesho. Kazi ni kazi, chérie."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini? Bukavu hata mlevi asiyekanyaga kanisa mwaka mzima, mkesha wa Noeli utamwona kiti cha nyuma, amenyoa, shati limenyooshwa. Akilini mwangu hakukuwa na watu duniani wasiofanya Noeli. Na hao Wajapani, matajiri vile, karamu yao ingekuwaje? Nilikula sombe yangu peke yangu, na kabla ya kulala niliwaombea yeye na abiria wake wasipate ajali barabarani. Naam, niliwaombea!

Mwaka wa pili ikawa vilevile. Wakati huo nilikuwa na Neema, mwanangu, tumboni. Aliyenifariji ni Clarisse.

Clarisse anasuka nywele kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles, kule kule Matonge. Naye ni wa Bukavu, na ndiye mtu wa kwanza hapa aliyeniita dada. Alinifundisha kupanda metro, alinitafutia daktari, alinipokea siku nilipotoka hospitali na mtoto. Nilimwambia kila kitu. Nilimwambia hata kwamba Wajapani wananinyang'anya mume kila Noeli. Alicheka sana siku hiyo... nami nikacheka naye, mjinga mimi.

Mwaka wa tatu nikapata kazi. Dada mmoja wa kanisani alinipeleka kwa mama mmoja wa Kijapani anayekaa karibu na Schuman, nimtazamie binti yake mdogo na kusaidia nyumbani. Namwita Madame tu. Ni mtu mpole, Kifaransa chake cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo tunaelewana vizuri.

Desemba ilipofika nilisubiri kuiona hiyo Noeli kubwa. Nilijua nitapika mpaka mgongo uvunjike. Siku zikapita, kimya. Kulikuwa na kimti kidogo juu ya meza, basi. Asubuhi ya mkesha nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza Madame wageni wanakuja wangapi na ibada yao ni saa ngapi.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ng'ombe wake wanalala wapi.

Akanieleza polepole. Kwao watu wengi si Wakristo, kanisani hawaendi. Tarehe ishirini na tano watu wanakwenda kazini kama kawaida, na jioni hiyo mti unatolewa ili nyumba ipambwe kwa ajili ya Mwaka Mpya. Mwaka Mpya ndio sikukuu yao ya familia. Noeli ni kuku wa kukaangwa na keki nyeupe yenye stroberi, watoto wafurahi. Na jioni ya mkesha, akasema akitabasamu, ni ya wapendanao. Kijana anamtoa mchumba wake wakale vizuri, wawili tu. Asiye na mtu wake jioni hiyo anajionea huruma.

Nikamuuliza, na hawa Wajapani wa hapa Brussels, madereva wao je? Akasema wanaowafahamu yeye na mumewe wote wamesafiri kwenda kwao, na madereva wamepewa likizo.

Nilikuwa nimeshika sahani. Niliiweka chini taratibu isije ikaniponyoka.

Aliponiruhusu kuondoka alinipa boksi lenye keki ndogo, nyeupe, stroberi juu. Kwa ajili yako na mumeo, akasema, ya watu wawili. Niliipakata kwenye basi kama mtoto mchanga. Njia nzima nilikuwa nikijidanganya. Labda bosi wake ni Mjapani Mkristo. Labda wapo wachache wanaosali... Mtu anayeogopa ukweli hakosi labda.

Nilimkuta Justin amesimama mbele ya kioo, suti mwilini. Nikaweka keki mezani, nikamwomba abaki mwaka huu tu. Nikamwambia Neema hajawahi kula Noeli na baba yake.

"Njo vile nilikuambia," akasema bila kugeuka. "Ba Japonais, Noël yabo ni kubwa. Utabafundisha kazi yabo?"

Alirudia neno kwa neno, kama miaka yote, na mimi mchana ule nilikuwa nimetoka kwa Wajapani wenyewe. Mlango ukafungwa, nikabaki nimesimama na keki ya watu wawili.

Nikawaza kumpigia Clarisse. Jana yake alikuwa amenisuka bure, zawadi ya Noeli, akaniambia bwana wangu akiniona atachanganyikiwa. Nilijua anaishi peke yake, nikasema moyoni aje tule keki, tulie pamoja. Simu ililia mara ya kwanza hakupokea. Ya pili akapokea, akasema allô kwa haraka haraka.

Kabla sijamjibu, nikasikia sauti ya mwanaume nyuma yake.

"Clarisse, pilipili iko wapi? Ulibadilisha fasi yake?"

Ilikuwa sauti ya Justin. Mwaka mzima hajui sufuria zangu zinakaa wapi, lakini kwa Clarisse anajua pilipili imehamishwa!

Nadhani Clarisse alisikia ninavyopumua. Mwishowe akanitakia sikukuu njema kwa sauti ndogo, "Bonne fête, dada," akakata. Nilizishika nywele zangu alizozisuka, nikatamani kuzifumua zote pale pale, lakini Neema alikuwa analia njaa.

Kesho yake mchana Justin alirudi. Nilimwambia yote, ya Madame na ya pilipili. Nilitegemea akane, aape, apige magoti. Alivua viatu.

"Bon. Sasa unajua," akasema. "Utafanya nini? Karte yako iko juu yangu. Ukitoka hapa, commune itakuuliza bwana yako iko wapi." Kibali changu cha kuishi hapa kinategemea ndoa yetu, na commune, ofisi ya mtaa, ndiyo inayokitoa.

Nilimpigia mama Bukavu. Alilia, kisha akasema, "Mutoto yangu, vumilia. Batu ba huku batasema nini?" Mchungaji naye akasema nivumilie, nimwombee. Clarisse bado anaimba kwaya ya kanisa letu, mstari wa mbele. Niliambiwa kuna mawakili wanaosaidia watu kama mimi. Nimefika mlangoni kwao, nikarudi. Nikikosea, nitarudishwa na mwanangu abaki kwa nani?

Siku ya mwisho ya mwaka Madame aliniomba tusafishe nyumba yote, madirisha, hata nyuma ya kabati. Kwao uchafu wa mwaka hauvushwi. Kisha akanipikia tambi ndefu za rangi ya udongo. Akasema zinakatika kirahisi, ndiyo maana huliwa siku hiyo, ili mabaya ya mwaka yakatike nazo. Akaniuliza, keki mliipenda? Nikasema tuliipenda sana. Nilizikata zile tambi kwa meno, moja moja, machozi yakiingia kwenye bakuli, naye akadhani ni mvuke.

Hayakukatika.

Dada zangu mnaoitwa Ulaya na waume zenu, nawasihi. Msije mkiwa na mguu mmoja, wa mume. Jifunzeni lugha, tafuteni watu wenu wenyewe, fahamuni haki zenu kabla siku mbaya haijafika. Na ukiambiwa habari za watu usiowajua, nenda ukawaulize wenyewe. Mimi niliuliza mwaka wa tatu, nikiwa tayari nimefungwa.

Desemba nyingine imeingia. Jana Justin aliitoa suti yake kwa dobi, akaitundika mlangoni. Nikamuuliza kama mkesha atakuwepo.

"Unajua ba Japonais," akasema.

Hata uongo mwingine hakujisumbua kuutafuta. Nami nikaitikia, nikaenda kumpigia pasi shati.