Ukurasa wa Mtoto wa Ottilie

Ukurasa ulikuwa umekatwa kwa wembe, tena na mtu asiye na papara. Inspekta Gerlinde Throm alikiinamia kitabu cha ubatizo cha mwaka 1871 cha kanisa la kijiji, akapitisha kidole chenye glavu kwenye kipande cha karatasi kilichobaki. Kufuli la kabati lilikuwa zima. Mwizi alikuwa na ufunguo.

"Funguo ziko kwa nani, Mchungaji?"

"Kwangu, na kwa Bi Hedwig, mhudumu wetu. Lakini Hedwig, afande? Haiwezekani!"

Pembeni, Ivo Bohnenberger, mgeni kutoka Brazili, alikuwa amejishika kichwa. Mama yake, ajuza wa miaka tisini na moja, alimtuma jambo moja tu: Mathilde, bibi yake huyo ajuza, aliyebatizwa hapa mwaka 1871 kisha akahamia Brazili, alizaliwa na mama gani? Enzi hizo serikali ya Hesse, huku Ujerumani, ilikuwa bado haijaanza kuandikisha vizazi. Bila ukurasa ule, basi tena.

"Mama yuko hospitalini," Ivo alisema. "Nirudi nikamwambie nini?"

Inspekta akamvuta mchungaji nje.

"Ukurasa huo ulikuwa na nini cha kuibwa?"

Mchungaji akashusha sauti. "Mtoto mmoja kaandikwa kichwa chini, maandishi yake yamegeuzwa juu chini. Ndivyo walivyowaandika watoto wa nje ya ndoa hapa, ili kila afunguaye aone."

"Nani mwingine umemwambia?"

"Wewe tu."

Lo! Inspekta akaanza kupata mwanga. Basi ukurasa haukuibwa ili uuzwe; wauza vitu vya kale hawahangaiki na aibu ya mtu. Aibu ina mwenyewe.

Jikoni, Hedwig alikuwa anakata keki ya tufaha.

"Bi Hedwig, kitabu kile umewahi kukifungua?"

"Sijawahi. Kazi yangu kahawa na vumbi."

"Sawa. Kelele zote hizi, kisa kitoto cha zamani."

"Cha zamani kwako!" Hedwig alifoka. "Malaika wa Mungu kaandikwa kichwa chini, we' unaona kitu kidogo?"

"Nani kakwambia kaandikwa kichwa chini?"

Kisu kikasimama katikati ya keki. Hedwig akaketi, machozi yakamtoka.

"Ni mimi, afande. Ottilie, mama wa mtoto yule, aliolewa baadaye akamzaa bibi yangu. Ukoo wetu ni wa wazee wa kanisa. Tangu utotoni naambiwa nifunge mdomo. Nikajua mgeni akisoma, kijiji kizima kitatucheka. Nilitaka kuuchoma. Nimeshindwa, ni damu yangu."

Akautoa ukurasa chini ya aproni, umefungwa kwa kitambaa safi.

"Kuharibu kumbukumbu ni kosa, na ripoti nitaandika," Inspekta alisema. "Ila kwanza mpelekee yule mgeni, wewe mwenyewe."

Ivo alisikiliza yote, akausoma ukurasa, akacheka huku analia. "Kumbe wewe ni ndugu yangu! Sisi kule tulidhani tumebaki peke yetu!"

Hapo hapo akapiga simu Brazili.

"Mama, anaitwa Ottilie."

Sauti nyembamba ya mama yake ikauliza, "Na huyo anayelia hapo ni nani?"

"Hedwig, Mama. Ni wa kwetu. Ndiye aliyekuwa ameuficha ukurasa wenye jina hilo."

"Alaa! Mpe simu. Nimgombeze kidogo, halafu anihadithie huyo Ottilie alikuwa mtu gani."