Vidonge Vilivyoishia Chooni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Nyamizi alimpelekea baba yake uji na kidonge kimoja. Uji ulinywewa. Kidonge, mara nyingi, kilibaki juu ya kigoda. Baba huyo, Mzee Ngassa, alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI tangu mkewe alipofariki, na siku hizi alishinda kilabuni akinywa gongo. Alikuwa amekonda mno.

"Dawa na pombe havipatani," alisema. "Nikinywa kimoja, naacha kingine." Na alichoacha, kwa bahati mbaya, hakikuwa gongo.

Kwenye kliniki ya Bariadi walihesabu vidonge vilivyobaki. Nyamizi aliogopa kwamba baba yake akikaripiwa mbele za watu hatarudi tena. Basi, kila ilipofika siku ya kliniki, alivimwaga vilivyobaki chooni. Kopo tupu! Muuguzi Domitila akasifu, "Hongera, Baba Nyamizi." Mtoto aliona aibu.

Baada ya miezi mitatu majibu ya damu yakaja.

"Virusi vimepanda sana," Domitila alimwambia Nyamizi, Ngassa akiwa ameketi kando. "Kama anameza zote, basi dawa hizi zimeshindwa. Tutambadilishia, na hizo nazo zikishindwa..." Hakumalizia.

Nyamizi akaangua kilio. "Mayu, mama yangu, hazijashindwa! Nilizitupa mimi!"

"Mtoto hana kosa," Ngassa alisema, macho chini. "Nilijua. Nikafurahia kusifiwa."

Domitila hakumgombeza mtu. Alimgeukia Ngassa. "Hata siku uliyokunywa pombe, meza kidonge. Usikiache. Na kila Alhamisi uje tuzungumze: pombe inakukamata saa ngapi, ukiwa na nani, na saa hiyo ufanye nini badala yake."

"Sitaweza, mayu. Nimeshajaribu mara ngapi?"

Alhamisi ya kwanza alikuja. Ya pili, Nyamizi alimkuta amelala nje ya kilabu, kiatu kimoja hakipo, na wapita njia wakicheka. Alilia mpaka akachoka. Ya tatu Ngassa alikuja, anakohoa. Akavimwaga mwenyewe mezani vidonge tisa alivyoshindwa kumeza.

"Tisa," alisema. "Nilikuwa nimelewa."

Domitila akaandika tisa.

Walipotoka nje Nyamizi alimshika muuguzi mkono. "Mayu, baba atapona?"

"Sitakudanganya, mwanangu. Virusi havitoki mwilini, na pombe sijui kama itamwachia. Amechelewa." Domitila alimtazama Ngassa, ambaye alikuwa ameegemea ukuta akivuta pumzi. "Ila kwa miezi mitatu nilimtibu mtu ambaye hayupo, yule wa kopo tupu. Leo ndipo nimeanza kumtibu baba yako. Ukimpenda mgonjwa, usimfichie ugonjwa wake."

Nyamizi aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kumpa baba yake bega, wakaanza kurudi nyumbani.