Kikuku cha Mzee Lwitiko

"Mama Tuse, funga dirisha. Baridi ya mlima Loleza imeshaingia ndani."

Sauti ilikuwa ya Mzee Lwitiko, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni mwa maneno, lakini haikutoka kinywani mwake. Ilitoka kwenye kisanduku cheusi kilichokaa mezani kando ya chupa ya chai. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, midomo imefumbwa, mikono imelala mapajani. Hakuna kiungo chake kilichotikisika. Mkewe aliinuka akafunga dirisha, na kelele za magari-waya yaliyokuwa yakining'inia juu ya bonde kuelekea Uyole zikapungua.

"Haya, mume wangu," alisema, akarudi kukaa.

Mzee Lwitiko alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu. Ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulimwanzia miguuni, ukapanda kiunoni, ukamnyang'anya mikono, kisha ulimi, na mwishowe macho yenyewe yakashindwa kugeuka. Alilishwa kwa mpira. Akili na masikio vilibaki vizima, pamoja na mishtuko midogo kwenye misuli ya mkono wa kulia, midogo kiasi kwamba hakuna jicho lingeiona.

Mishtuko hiyo ndiyo iliyosomwa na kikuku-neno alichovaa kwenye kifundo cha mkono. Upande wa ndani wa kikuku ulikuwa na vibati vya fedha vyembamba kama ganda la kitunguu, vilivyogusa ngozi na kunasa amri ambazo ubongo ulituma kwa vidole. Mzee alichotakiwa kufanya ni kuwaza kwamba anachapa kwenye kibodi, kama alivyochapa ofisini maisha yake yote. Kikuku kilizinasa herufi na kuzirusha kwenye kile kisanduku, ambacho watu walikiita kisemeshi, nacho kikatamka kwa sauti iliyoundwa kutokana na rekodi zake za zamani.

Shida ilikuwa mwendo. Neno moja lilichukua muda ambao mtu angeweza kumenya ndizi za mlo mzima. Hapo ndipo kazi ya binti yake ilipoingia. Tusekile alikuwa mhandisi katika maabara iliyobuni vikuku hivyo, na yeye na wenzake ndio waliounda kikamilishi, akili ya mashine iliyomalizia sentensi kabla mgonjwa hajachoka. Ili kimjue baba yake, Tusekile alikilisha ujumbe wote ambao mzee aliwahi kuandika kwenye simu na kompyuta zake. Kikamilishi kilisikiliza pia mazungumzo ya chumbani kupitia kisemeshi, hivyo mzee akitoa herufi mbili, kilijua anakoelekea.

"Sasa anaongea kuliko alipokuwa mzima," mama yake alimwambia siku moja, akicheka.

Mama ndiye aliyekitunza kikuku. Kila asubuhi alikivua, akakiweka kwenye chaja, akaukanda mkono wa mumewe kwa mafuta ya parachichi ili ngozi isikauke, kisha akamvisha tena. Alifanya hivyo kwa upole, akimsimulia habari za mtaa, na kisemeshi kikamjibu.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na jambo moja lisilozungumzwa. Mzee Lwitiko alikuwa na mdogo wake wa pekee, Ambwene, aliyebaki Tukuyu kwenye shamba la wazazi. Miaka ya nyuma, njia ya magari-waya ilipokuwa ikijengwa, nguzo moja ilipangwa kusimama mahali walipozikwa baba na mama yao. Lwitiko alikuwa safarini. Ambwene aliombwa aamue, akakubali makaburi yahamishwe. Lwitiko aliporudi akakuta nguzo. Hakupiga kelele, kwa kuwa hakuwa mtu wa kelele, ila aliandika. Alimwandikia mdogo wake maneno makali kwa miaka mingi, na Ambwene hakujibu hata mara moja.

Ugonjwa wa kaka yake ulipozidi, Ambwene alikuja Mbeya. Alileta mkungu wa ndizi, akavua kofia mlangoni.

"Shemeji, nimekuja kumsalimu kaka."

Mama Tuse alimkaribisha kwa furaha, akamsogezea kiti mbele ya mgonjwa. Kabla Ambwene hajakaa vizuri, kisemeshi kikasema, "Sina ndugu. Aliyehamisha makaburi arudi alikotoka."

"Baba Tuse," mkewe alimsihi, "ni mdogo wako huyu. Ametoka mbali."

"Nimeshasema."

Ambwene aliondoka bila kunywa chai. Akaja tena msimu wa mvua, akajibiwa vilevile. Mara ya mwisho alikuja akitembelea fimbo, amekonda, kifua kinambana. Siku hiyo Tusekile alikuwepo. Baba yake mdogo hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti sakafuni, akaushika mkono wa kaka yake.

"Kaka, nilikosa," alisema. "Ningekungoja urudi. Sikukungoja. Nimekuja kuomba radhi kabla mmoja wetu hajaondoka."

Kisha kisemeshi kikasema, kwa sauti ileile ya mzee, "Maneno yako hayarudishi makaburi. Nenda."

Ambwene aliinua uso akamtazama kaka yake kwa muda mrefu. "Lakini machozi yanamtoka," alisema.

"Ni ugonjwa, baba mdogo," Tusekile alimjibu. "Daktari alisema macho yasiyopepesa hutoa maji."

Alimsindikiza hadi kituo cha magari-waya. Ambwene alipoingia ndani ya kibanda cha gari alimpungia mkono, naye Tusekile akabaki amesimama akimwonea baba yake hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Ambwene alifariki majira ya baridi. Mama Tuse na bintiye walikwenda kuzika Tukuyu, wakamwacha mzee na muuguzi. Waliporudi, mama alivuta kiti akaketi mbele ya mumewe, akamwambia taratibu kwamba mdogo wake hayupo tena.

"Poleni sana kwa msiba," kisemeshi kilisema. "Mungu awatie nguvu wafiwa wote."

Mama Tuse alifunika uso kwa khanga. "Hata kwa kifo, Lwitiko?" alisema. "Hata kwa kifo?" Akatoka, akaenda kukaa jikoni.

Tusekile alibaki. Maneno yale aliyajua. Ndiyo ambayo baba yake alikuwa akiwaandikia wafanyakazi wenzake wa ofisini wanapofiwa, watu ambao hata majina ya watoto wao hakuyajua. Lakini Ambwene alikuwa mdogo wake, waliyelala naye mkeka mmoja utotoni. Mtu anaweza kumkasirikia ndugu yake hadi kaburini, ila hampi pole za ofisini.

Akahisi labda kikuku kina hitilafu. Akakivua kutoka mkononi mwa baba yake, akakiweka juu ya taulo mezani ili akikague. Alikuwa anatafuta miwani yake mkobani kisemeshi kilipoongea.

"Tuse, mwanangu, umeshakula?"

Aligeuka. Mkono wa baba yake ulikuwa mapajani, mtupu. Kikuku kilikuwa kimelala juu ya taulo, hakimgusi mtu yeyote.

"Usikae na njaa," kisemeshi kiliendelea. "Mwambie mama yako akupashie viazi."

Tusekile alikaa chini. Kwa miezi mingi kila alipoingia nyumbani humo aliulizwa kama amekula, na kila mara moyo wake ulipata joto. Sasa alikishika kikuku akakigeuza upande wa ndani. Vibati vya fedha havikuonekana. Vilikuwa vimefunikwa na utando wa njano mgumu, uliojijenga kidogo kidogo kwa mafuta ya kila asubuhi. Hakuna amri ya ubongo ambayo ingeweza kupenya pale. Kikuku kilikuwa kinanasa mivumo ya umeme iliyomo hewani katika nyumba yoyote, ya friji, ya taa, ya chaja yenyewe, na kikamilishi kikaichukua mivumo hiyo kama herufi. Kilipewa kazi ya kumalizia sentensi, basi kikazimalizia. Kilipomsikia Ambwene, kilitafuta katika ujumbe wa zamani jinsi Lwitiko alivyoongea na Ambwene, na hakikukuta chochote isipokuwa ukali.

Mama yake alirudi na kumkuta akisugua kikuku kwa pamba na spiriti.

"Ni nini hicho kimeganda?"

Tusekile aliitazama mikono ya mama yake, iliyokuwa bado inang'aa mafuta. "Jasho, mama," alisema, akaificha pamba mfukoni. "Jasho tu la siku nyingi."

Alipomaliza alikizima kikamilishi. Akazima na sauti. Akaunganisha kikuku na skrini ndogo, akamvisha baba yake, akapiga magoti palepale Ambwene alipokuwa amepiga magoti.

"Baba, ni Tuse. Nimekisafisha kikuku. Nimeiondoa ile inayokumalizia maneno. Sema chochote."

Walingoja. Nje, roboti ya mtaa ilipita ikizoa majani, ikatokomea. Mama alianza kusema kitu, Tusekile akamshika goti. Ndipo herufi ya kwanza ikatokea kwenye skrini, ikifuatwa na nyingine baada ya kitambo kirefu.

SI MIMI

Mama Tuse alisoma, akasoma tena. "Si wewe nini, baba?"

SIKUMFUKUZA

Mwanamke yule hakulia kwa sauti. Aliinama akalaza paji la uso kwenye goti la mumewe, na hapo ndipo Tusekile alipoelewa kitu chote, kwa uzito wake. Baba yake alikuwa anasikia. Alisikia kila neno lililotamkwa kwa sauti yake. Alikuwa amekaa ndani ya mwili wake akipiga herufi zisizofika popote, huku mdogo wake akifukuzwa mbele ya macho yake, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Na yale machozi ndiyo maneno pekee yaliyokuwa yake.

Kesho yake Tusekile aliripoti maabara. Mkuu wake aliamuru vikuku vyote vikaguliwe, na yeye akapewa kuzipigia simu familia. Vingi vilikuwa salama. Vichache vilikuwa kama cha baba yake. Mama mmoja wa Vwawa, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa kitandani, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mkiizima hiyo mashine, na yeye asiandike kitu, mimi nitabaki na nini?" Tusekile alianza kumweleza upya.

"Basi niachie hivyo hivyo, mwanangu," mama yule alisema, akakata simu.

Mzee Lwitiko aliomba jambo moja, na kuliomba kulimchukua asubuhi nzima. Alitaka kwenda Tukuyu.

Mjane wa Ambwene, Bi Nsekela, aliwapokea uani. Tusekile alimweleza yote, bila kujikinga. Bi Nsekela alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Mume wangu alikufa akijua kaka yake amemkataa," alisema. "Ninyi mmekuja kuniambia mimi kwamba haikuwa hivyo. Yeye atamwambia nani?"

Mama Tuse alitazama chini. Baadaye Bi Nsekela alitangulia kwa kijia kinachopita kati ya migomba, nao wakamfuata wakisukuma kiti hadi kwenye kaburi, ambalo udongo wake ulikuwa bado haujashikamana. Tusekile aliishika skrini ili wote waione. Majirani wawili watatu walisogea, wakavua kofia.

Herufi zilianza kuja.

NI

"Nisamehe," jirani mmoja alinong'ona. "Anataka kusema nisamehe."

"Tumwache amalize," Tusekile alisema.

Ikaja L. Ukungu ulishuka, ukalowesha migomba, na mama akamfunika mumewe blanketi mabegani. Watu walisimama. Mtu mmoja alikaa chini kwa uchovu, lakini hakuondoka. Herufi zilikuja moja moja, kila moja ikitoka mbali, hata ukadhani ile iliyopita ndiyo ya mwisho. Ilipopita muda bila nyingine kuongezeka, Bi Nsekela alichukua skrini mikononi mwa Tusekile. Alisoma kimya kwanza. Kisha alikwenda karibu na udongo, akainama kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Baba Gwakisa," alimwita mumewe. "Kaka yako yuko hapa. Anasema, nilikusikia. Kila ulipokuja, nilikusikia."