Mti wa Asumini wa Bi Mwamvua

Kila asubuhi Mwatumu alifagia uwanja wa nyumba yao, pale Ngamiani, Tanga. Alianzia mlangoni, akazunguka jiko, akamalizia kwenye mti wa asumini. Hapo alikwangua kwa nguvu mpaka ardhi ikawa tupu. Mama mkwe wake, Bi Mwamvua, hakupenda kuona hata jani moja chini.

Siku hiyo ufagio ulinasa. Mwatumu alivuta. Kitu kikakatika. Alipoinama, aliona mzizi umekatika, na mizizi mingine iko wazi juu ya ardhi kama mishipa ya mkono wa mzee.

Bi Mwamvua alikuwa ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akimtupia kuku chicha za nazi. Alikuwa na desturi yake. Akiwa na neno juu ya mtu, hakumwambia mwenyewe. Alimwambia kuku.

"Unaona, kuku wangu?" alisema. "Mti huu aliupanda marehemu mume wangu. Kila mwaka ulichanua. Tangu aingie mtu mpya nyumbani humu, umenuna."

Kuku aliendelea kula. Mwatumu aliuinua ufagio wake. Mtu mpya alikuwa nani, kama si yeye? Mwaka jana tu ndipo alipoolewa na Miraji, akatoka kwao Muheza. Sasa majani ya mti yalikuwa yamegeuka manjano, na maua hayakuonekana. Mti ukifa, angeitwa mkosi katika nyumba ya mumewe. Angekaaje?

Alichukua kigae, akaenda kwa jirani yake Kristina kuomba kaa la moto.

"Shoga, kaa hili litazimwa na machozi," Kristina alisema. "Kuna nini?"

Mwatumu akamweleza.

Kristina alikuwa mke wa Asheri, fundi wa reli. Alizaliwa Amani, milimani. Baba yake alitunza bustani za maua huko, na Kristina alikua akimsaidia kupunguza matawi ya jeraniamu.

"Jeraniamu za kwetu zingekufa hapa kwa joto," alisema. "Lakini ua linaloishi miaka mingi, liwe la bara au la pwani, haliangalii nani mgeni. Linaangalia maji, jua na udongo. Twende nikauone mti."

Walipofika, Kristina alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuuaga mti?"

"Nimekuja kuutazama kabla hamjaununulia sanda."

Bi Mwamvua alikaribia kucheka, akajizuia. Kristina alichukua udongo wa shinani, akaunusa, kisha akaugusisha ulimini.

"Udongo huu una chumvi. Nani humwaga maji hapa?"

Bi Mwamvua alimtazama kuku.

"Mimi," alisema mwishowe. "Nikiloweka ng'onda, maji yake nayamwaga hapo. Mti ulionekana mnyonge. Samaki ana nguvu."

"Nguvu anayo, bibi. Lakini ng'onda ana chumvi nyingi, na chumvi huunguza mizizi."

"Na ufagio wangu?" Mwatumu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ufagio nao unachukua udongo kidogo kidogo kila siku. Mizizi imebaki uchi. Ndiyo maana mti ulianza kunyong'onyea."

Kisha Kristina alishika tawi kavu. "Haya yakatwe. Na haya marefu yapunguzwe, kila tawi lipungue theluthi moja."

Bi Mwamvua alisimama. "Mti wa marehemu hauguswi kisu."

"Bibi, asumini huchanua kwenye vichipukizi vipya. Tusipokata, nguvu yote huishia kwenye matawi yaliyozeeka. Masika yamekaribia. Huu ndio wakati wake."

"Kuku wangu," alisema Bi Mwamvua, "watu hawa wataniulia mti."

Mwatumu alijikaza. "Mama, tukate upande mmoja tu. Upande wa pili tuuache. Tuone."

Bi Mwamvua hakumjibu yeye, wala hakumjibu kuku. Aliingia ndani, akatoka na kisu kikali.

"Upande wa ukutani," alisema. "Si huu ninaoutazama."

Wakaanza kazi. Walikata juu kidogo ya vifundo vyenye majani. Walimwaga maji safi mengi shinani, yakazama pamoja na chumvi. Walifunika mizizi kwa udongo mpya uliochanganywa na mavi ya mbuzi yaliyokwisha kuoza. Juu yake walitandaza majani makavu, lakini hawakuyaacha yaguse shina, lisije likaoza.

"Mama hapendi majani uwanjani," Mwatumu alinong'ona.

"Basi yatengenezee nyumba yao," Kristina alisema.

Mwatumu akapanga makumbi ya nazi kuuzunguka mti. Tangu siku hiyo ufagio uliishia kwenye makumbi. Alimwagilia asubuhi, polepole, na hakurudia mpaka udongo wa juu ukauke. Maji ya ng'onda yakamwagwa mbali.

Masika yalipopita, upande wa ukutani ulijaa vichipukizi, kisha maua meupe. Upande wa pili ulikuwa na majani mabichi, lakini maua hayakujaza kiganja.

"Kata na huu," Bi Mwamvua alisema, akampa Mwatumu kisu yeye mwenyewe.

Mwatumu alikata. Tawi moja refu la chini hakulikata. Alilipinda, akalifukia katikati kwa udongo, akaliwekea jiwe lisiinuke. Lilipotoa mizizi alilitenganisha, akampelekea Kristina akapande kwake.

Alasiri moja Bi Mwamvua alichuma maua, akayafunga kwa uzi kuwa kikuba, kishada cha kuvaa kifuani. Kuku akaja miguuni pake.

"Nenda zako," Bi Mwamvua alimwambia, akimfukuza kwa upindo wa kanga. "Leo sina neno na wewe."

Alimwita Mwatumu, akamtia kikuba kifuani.

"Yule mtu mpya niliyekuwa nikimsema ni wewe," alisema. "Mwanangu alikuwa ameoa, na mti wa mume wangu unakufa. Niliogopa nitabaki sina changu. Wewe si mkosi, Mwatumu. Nataka ukae."