Niliandika Kwamba Tabora Haihitaji Ukumbi

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na mmoja, ni karani wa serikali, nina mke na mtoto. Ndugu wa tumbo moja ninaye mmoja tu, dada yangu Tatu... Nimempoteza angali hai.

Dada Tatu ndiye aliyenilea tulipofiwa na wazazi. Alichoma maandazi mpaka nikamaliza shule. Hapa Tabora alikuwa kiongozi wa akina mama wa ngoma ya lelemama. Walicheza uani kwa watu, na mvua ikinyesha, shughuli imekwisha!

Siku moja Bwana Mzungu, mkuu wa wilaya yetu, aliniagiza nizunguke mji, niulize kama kweli unahitajika ukumbi wa ngoma, dansi na maigizo. Nilifurahi jamani! Nilikwenda mtaa wa Cheyo, nikaenda sokoni, nikawauliza walimu na wanakwaya. Nani alisema hapana? Hakuna hata mmoja!

Kwa dada nilikuta wanawake wamejaa barazani.

"Andika, mdogo wangu," aliniambia. "Andika kwamba tumechoka kufukuzwa kama kuku."

Niliandika yote. Lakini karani mkuu aliposoma, alinirudishia karatasi. Akasema kiwanja cha kujengea ukumbi ameshamwahidi tajiri mmoja wa pamba ajenge ghala. Nisipobadilisha maneno, nitahamishiwa porini, na nyumba ya serikali niihame wiki ile ile. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane...

Nikaandika upya hivi: Watu wa Tabora wameridhika na nyua zao, ukumbi hawauhitaji. Nikatia saini.

Nilidhani karatasi ile itafia kabatini. Kumbe! Bwana aliitisha baraza, akaisoma mwenyewe kwa Kiingereza. Na mkalimani alikuwa nani? Mimi! Nilisimama mbele ya watu wale wale walionieleza ukweli, nikawatafsiria uongo wangu neno kwa neno. Ningekimbilia wapi?

Dada Tatu akainuka. "Mwambie Bwana kwamba karani aliyeandika hayo kwangu hakufika." Hakudhani kwamba ni mimi!

Bwana akaniuliza mama yule anasema nini. Hapo ndipo ningeweza kujiokoa! Lakini karani mkuu alikuwa amenikazia macho... Nikajibu kwamba anaishukuru serikali.

Mwalimu mmoja aliyejua Kiingereza akapaza sauti, akawaeleza watu nilichosema. Baraza zima likaguna. Dada hakunitukana. Alijifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Wenzake waliamini kwamba, kwa kuwa ni ndugu yangu, aliujua uongo wangu, kwamba tumekula njama pamoja. Wakamvua uongozi, wakaacha hata kumsalimia. Akahamia Igunga, akauza mchele.

Nilimfuata kwa lori. "Shikamoo dada."

"Marahaba." Akanipa kiti, akanipakulia wali. Nikalia, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa upole, "Mgeni, lori lako linarudi saa ngapi?"

Mgeni! Mimi!

Leo ghala limesimama, nalipita kila asubuhi nikienda kazini. Siwezi kusema, kwani saini ni yangu. Siwezi kuacha kazi, kwani nyumba ni ya kazi. Nimejifunga kwa mkono wangu mwenyewe!

Enyi vijana mnaoshika kalamu za ofisi, nawasihi. Mkitumwa kuuliza watu, pelekeni jibu walilowapa. Ningefukuzwa siku ile, mimi na mke wangu tungelala kwa dada, tukala maandazi. Sasa nyumba ninayo, na pa kwenda sina.