Vifundo vya Kinyozi

Walikutana mwisho wa mwezi, duka limefurika, watu wanagombania viatu kama vinagawiwa bure. Muuzaji, gauni la njano limemkaa sawasawa, akamwinamia mteja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi.

"Namba ngapi, kaka?"

"Arobaini na mbili. Lakini nipime taratibu, sina haraka."

"Hee! Na foleni hiyo?"

Alikuwa kinyozi wa mtaa wa pili. Akaondoka na viatu vyeusi vya ngozi na namba ya simu. Akambandika muuzaji jina: Bi Soli, kama soli ya kiatu. Wakawa wanapigiana mpaka chaji inakwisha.

Sasa sikiliza. Jumapili ambayo kinyozi alitakiwa kwenda kujitambulisha kwa mama yake Bi Soli, hakutokea. Simu hapokei. Jumatatu Bi Soli akamfuata saluni, akamkuta ananyoa amekaa, miguuni ndala.

"Mama kapika tangu asubuhi! Viatu vyangu umevitupa, na mimi je?"

Mteja, kichwa nusu kimenyolewa, akajifanya hasikii.

"Vinanibana, mpenzi. Niliona haya kukwambia, ungejisikia vibaya."

Bi Soli akapiga magoti, akamshika miguu. Vifundo vyote viwili vimevimba, vya moto. Kwenye miundi mabonge mekundu.

"Miaka sita nauza viatu. Kiatu kikibana kinachubua, hakileti homa! Na magoti?"

"Yanauma pia," akasema, akakohoa.

"Na hicho kikohozi?"

Kinyozi akawasha tena mashine.

"Malizia kichwa cha watu, twende hospitali."

Picha ya kifua ikaonyesha tezi zimevimba pande zote mbili, karibu na mapafu. Daktari akachukua kinyama cha kupima. Huenda ni kifua kikuu, huenda ni saratani. Siku kumi za kusubiri! Ya tatu, kinyozi akapiga simu.

"Mpenzi, tafuta mwenye afya yake."

"Rudia hayo nikate simu."

"Nasema kwa faida yako..."

Akakata. Akalia weee, kisha akapiga mwenyewe. "Umekula?"

Siku ya majibu daktari, mama wa makamo, alisema polepole. "Si kifua kikuu, si saratani. Inaitwa sarkoidosisi. Kinga ya mwili inajikusanya na kufanya vivimbe, chanzo hakijulikani. Kwako imeanza kujionyesha kwenye viungo. Wengi wanaoanza hivi hupona ndani ya miezi kadhaa. Wachache huendelea nayo, kwa hiyo tutafuatilia mapafu na macho."

Kwenye korido kinyozi akajiegemeza ukutani. "Na kama mimi ni wa hao wachache?"

"Basi hospitali wakitafuta mtu wako wa karibu, nataka nipigiwe simu mimi!" Bi Soli alifoka. "Nesi kaniuliza mimi ni nani wako nikakosa jibu. Mbele za watu!"

Kinyozi akajiondoa ukutani. Akajivuta hatua kwa hatua, akiuma meno, mpaka dirishani kwa nesi.

"Dada, pale pa mtu wangu wa karibu, andika mchumba."

"Hee, hujaniuliza!" Bi Soli akamaka.

Akageuka, jasho linamtoka. "Nakuuliza sasa. Utanioa nikiwa hivi... namaanisha, nikuoe nikiwa hivi?"

"Andika, dada," Bi Soli akasema, machozi yanamtiririka, "andika upesi mtu wangu akae chini."